Mbwa Mkubwa Hufunzwa Akiwa Bado Mdogo

Mtoto wa Rottweiler mwenye kilo 8 akikurukia kwa furaha, unacheka. Akifika kilo 50, mruko uleule unamwangusha mzee. Basi usimruhusu hata siku moja jambo ambalo hutalivumilia akishakua.

Kipindi kizito kuliko vyote ni wiki ya 3 hadi ya 14 hivi ya umri wake. Hapo ndipo azoee watoto, wageni, pikipiki, miavuli na mbwa wengine, akiwa mbali kiasi cha kuweza kula kipande cha nyama kwa utulivu. Akikataa kula, umemsogeza mno, rudini nyuma. Kama chanjo hazijakamilika, mbebe.

Kamba iwe ya mita 1.5 hadi 2, ya ngozi au nailoni nene. Zile zinazojikunja zenyewe siziafiki kabisa kwa mbwa mzito: mbwa hupata kasi kabla kamba haijaisha, kisha kishikio kinachomoka mkononi. Akivuta, simama. Ikilegea, endeleeni.

Kifunga mdomo chagua cha kikapu. Cha kitambaa kinachobana humzuia kufungua kinywa na kutweta, na kutweta ndiko kunakompoza. Anza kwa kupaka ndani ya kikapu siagi ya karanga isiyo na zailitoli (kitamu mbadala wa sukari, ni sumu kwa mbwa), aingize pua mwenyewe. Kukifunga ni kazi ya siku za baadaye.

Na akiunguruma, tafadhali usimpige. Mngurumo ni onyo. Ukimfundisha kunyamaza, siku nyingine atauma bila kutangaza.