Bettye LaVette na sauti ya uzeeni

Siku hizi nikivaa hedifoni ni Bettye LaVette tu, mwimbaji wa soul wa Marekani. Tena naisikiliza ile albamu ya 2023, inaitwa LaVette!, kaitoa akiwa na miaka 77 aisee. Huku kwetu mwanamuziki wa umri huo tunamkumbuka akilazwa, au tunamwita kwenye usiku wa zilipendwa aimbe ule wimbo wake mmoja halafu akae, nyimbo mpya hata hakuna anayemuuliza.

Huyu mama alianza 1962 kule Detroit, binti wa miaka 16, wimbo wa kwanza tu ukahit, baada ya hapo ikawa lebo hii mara lebo ile. 1972 wakampeleka Muscle Shoals, Alabama, akarekodi albamu nzima, imekamilika kabisa, lebo yake ya Atco wakaifungia kabatini. Ikakaa humo mpaka Mfaransa mmoja mkusanyaji wa santuri alipoitafuta na kuitoa mwaka 2000. Miaka 28 jamani! Mimi mtu asiponijibu meseji kutwa nzima nimeshanuna.

Na hapo katikati hakuacha kuimba, kwenye vilabu humo, kwenye michezo ya jukwaani, popote walipomlipa. Ndo 2005 akaja na I've Got My Own Hell to Raise, nyimbo zote zimetungwa na wanawake, na 2007 akarudi Muscle Shoals palepale kurekodi na vijana wa bendi ya rock ya Drive-By Truckers. Albamu ya pili ya huko akaiita The Scene of the Crime, eneo la tukio yani, nilicheka sana.

Ila kinachonishika zaidi ni sauti. Imekwaruza, haipandi kama zamani, na wala hajaribu kuificha, anavuta neno, analikata katikati, anakuacha unasubiri. Kwa kawaida hatungi, anachukua za wenzie, 2018 kachukua za Bob Dylan albamu nzima, na akishaimba yeye unaona kabisa haya mambo yamemkuta. Sidhani kama yule binti wa miaka 16 angeweza, pamoja na sauti yake safi yote ile.

Kama hujawahi kumsikiliza usianze na za 1962. Anza na ile ya 2005, ukishamzoea ndo urudi kule nyuma.