Nilivyofundisha gharika kwa penseli mbili

Kikundi chetu cha Biblia hapa Nyalenda, Kisumu, kina watu wachache tu, na watatu kati yao kwao ni Ahero. Watu wa Ahero huwafundishi gharika kwa kubahatisha. Maji ya mto Nyando yamewahi kuwatoa nyumbani usiku. Zamu yangu ilipoangukia Mwanzo 6 hadi 8, nikaanza kujiandaa mapema.

Mabishano ya wasomi, kama gharika ni kisa kimoja au viwili, yalinichosha mpaka nilipochukua penseli mbili za mwanangu. Palipoandikwa "BWANA" nilipiga mstari mwekundu, palipoandikwa "Mungu" wa buluu. Hapo ndipo nilipomwelewa Julius Wellhausen, Mjerumani wa karne ya 19 aliyeshikilia kwamba humo mna visa viwili vilivyosukwa pamoja. Buluu inataka wanyama wawili wawili (6:19). Nyekundu inataka walio safi wawe saba saba (7:2). Nyekundu ina mvua ya siku 40, buluu ina maji ya siku 150. Mstari wa 7:16 una rangi zote mbili: Mungu ameamuru, BWANA anafunga mlango.

Kisha Gordon Wenham, Mwingereza, akanivuruga. Katika makala yake ya 1978 anatazama kisa kilivyojengwa kikiwa kizima. Hesabu siku: 7, 40, 150, halafu 150, 40, 7. Zinapanda na kushuka kama maji yenyewe, na katikati ni 8:1, Mungu anamkumbuka Nuhu. Nilihesabu mara tatu kwa vidole. Wellhausen alinieleza kwa nini idadi ya wanyama hailingani. Wenham, kwa nini nimekisoma tangu utotoni bila kujikwaa. Sikumfukuza yeyote.

Jumapili nikagawa penseli. Mzee mmoja akakataa katakata kuchora Biblia yake, tukampa fotokopi. Kazi ikanoga, watu wakachunguliana karatasi kama watoto wa shule. Kisha mama mmoja wa Ahero akaweka penseli zake chini.

"Mwalimu, rangi nimeziona. Sasa hao waliobaki nje, habari yao iko wapi?"

Sikuwa nimejiandaa kwa hilo. Tukatafuta pamoja: 7:21 hadi 23. Kwa mgawo wa Wellhausen, kisa cha buluu kinasema walikufa, cha nyekundu kinarudia kwamba walikufa. Hakuna jina la hata mmoja, wala neno alilosema.

Akaomba kalamu nyeusi, akapiga mstari mzito chini ya aya hizo tatu. Nilimwomba aongoze wiki ijayo. Amekubali, ila kasema penseli nibaki nazo.