Pembe za Zakros

Wifi yangu alikuwa akifanya kazi hotelini Heraklion, kisiwani Krete, Ugiriki, na nilipokwenda kumtembelea mwezi wa Mei nikamkuta ameshapanga kila kitu. Mimi nilitaka bahari na samaki, yeye magofu. Nikamwambia mtu aliyekulia Bagamoyo, akacheza kombolela na wenzake jirani na makaburi ya Kaole, hababaishwi na mawe ya kale. Hakunijibu. Alinipeleka makumbusho, akanisimamisha mbele ya kabati la kioo. Ndani mlikuwa na pembe za ndovu.

"Hizo zimetoka Zakros," akasema. "Kesho twende tukapaone."

Zilikuwa zimeungua na kupasukapasuka, maana moto ndio ulioliangamiza jumba la kifalme la Zakros, yapata mwaka 1450 kabla ya Kristo. Zilifukuliwa pamoja na mabamba mazito ya shaba, bidhaa iliyokuwa ghalani ikisubiri fundi. Wataalamu huzihusisha na Shamu au Misri. Mimi habari za pembe nimezisikia tangu utoto: wapagazi wakizibeba mabegani kutoka Tabora na Ujiji mpaka kwetu pwani, zikivushwa Unguja. Kumbe kuna wapwani wengine waliozipokea bandarini kwao zaidi ya miaka elfu tatu kabla ya misafara ile! Usiku ule wifi hakuwa na haja ya kunibembeleza tena.

Kato Zakros, kijiji lilipo jumba hilo, iko mwisho kabisa wa barabara, pwani ya mashariki. Kona zake sitaki kuzisimulia. Chini kuna ghuba ndogo, mashua za wavuvi, migahawa michache chini ya miti, basi. Majengo makubwa hayaruhusiwi kwa sababu ya magofu, na hilo mimi nalipongeza. Nimeona fukwe ngapi zilizomezwa na mahoteli. Ufuo wenyewe ni wa kokoto, ukivua viatu unatembea kama kuku mwenye mwiba, lakini maji ni maangavu mpaka unahesabu vidole vyako.

Jumba liko nyuma ya mashamba, hatua chache kutoka ufuoni, pale linapoishia Korongo la Wafu. Korongo limeitwa hivyo kwa kuwa watu wa kale walizika maiti zao kwenye mapango yake. Mwingereza Hogarth alichimba eneo hili mwaka 1901, akapata nyumba za kawaida, akaondoka. Jumba likabaki chini ya udongo jirani yake tu mpaka Nikolaos Platon, Mgiriki, alipoanza kulichimba miaka ya 1960. Na kwa kuwa halikuwa limeporwa, alikuta vitu mahali pake. Kilichonishika zaidi ni zeituni: ndani ya kisima kulikuwa na chombo chenye zeituni ambazo maji yalikuwa yamezihifadhi hata zikaonekana kama zimechumwa juzi. Zilipopigwa na hewa zikanywea.

Ardhi ya upande huu imetitia kuelekea baharini, kwa hiyo maji yanapanda mpaka vyumbani. Kwenye birika la duara la wafalme tuliwakuta kobe wadogo wa majini wakiota jua, na vyura wakipiga kelele utadhani wamelipwa. Mlinzi alikuwa amesinzia kivulini.

Tuliporudi ufuoni tukamkuta mzee akimpiga pweza mwambani. Anamshika, anampiga pa! kisha anamsugua kwa kumzungusha mpaka povu la kijivu linatoka, anamsuuza, anaanza upya. Nilisimama nikimtazama, mikono inaniwasha. Mwisho nikamwomba kwa ishara. Akanipa, nikampiga pweza wake kama ninavyojua, wifi akiona aibu kwa niaba yangu. Mzee akapiga makofi, akaniita mgahawani kwa mkewe, akanimiminia raki, pombe yao kali. Nikaweka mkono kifuani kukataa, bibi akaelewa upesi, akaniletea chai ya majani ya mlimani.

Pweza akaja wa kuchoma makaa, mafuta ya zeituni na limau juu yake. Bibi akataka kujua sisi tunampikaje. Wifi akatafsiri: nazi, kitunguu, bizari, ndimu. Bibi akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza nazi inaua ladha ya pweza au haiui, na hapo mabishano yakaanza, wifi katikati, mzee akicheka peke yake, mpaka chai ikapoa.