Vinundu vya mitoo

Nilikuwa nikifundisha darasa la nne katika shule moja ya msingi karibu na Maseno, Kaunti ya Kisumu. Klabu yetu ya 4-K, ile ya kilimo shuleni, ilikuwa na kishamba nyuma ya jikoni: tuta la kunde, la saga na la mitoo, zote mboga za majani za kienyeji. Mbegu za saga ni ndogo mno, kwa hiyo watoto walizichanganya na mchanga mkavu kabla ya kuzimwaga mferejini, zisije zikarundikana.

Siku ninayoikumbuka tulikuwa tukipunguza mitoo iliyosongamana. Msichana mmoja aling'oa mche, akatazama mizizi, akapaza sauti: "Mwalimu, huu ni mgonjwa! Una vidonda!" Wenzake wakamzunguka. Wengine walikwisha kutupa miche yao, wakifuta mikono kwenye sweta.

"Nyathina, mwanangu, huo si ugonjwa," akasema dani aliyekuja kutusaidia, nyanya ya mmoja wao. Akachuma kinundu kimoja mzizini, akakipasua kwa ukucha. Ndani kilikuwa chekundu. "Hii ndiyo nguvu ya shamba." Mama mkwe wake alimfundisha kwamba mahali palipoota mitoo ndipo pa kupanda mahindi msimu unaofuata.

Nami nikaongeza changu: mle ndani mna bakteria wanaochukua naitrojeni ya hewani na kuigeuza chakula cha mmea, nao mmea huwapa sukari. Wekundu ule ndio ishara kwamba wako kazini. Nilikuwa nimeyachora hayo ubaoni mara nyingi, macho ya watoto yakiwa dirishani. Sasa walikuwa wamepiga magoti matopeni, kila mmoja akipasua chake, wakibishana cha nani kimekolea zaidi. Tangu hapo sijaamini kwamba mboga inafundishika bila udongo kuingia kwenye kucha.

"Na kunde je, Dani?" Wakakimbilia kunde: vinundu vilikuwepo. Wakang'oa saga: mizizi mitupu, hata kimoja hakuna.

"Sasa saga inakula nini?" akauliza mvulana mmoja, kwa wasiwasi wa kweli.

Dani akamwonyesha rundo la samadi kando ya ua. Mvulana hakuridhika. Aliyatazama yale matuta, akaanza kushauriana na wenzake, na kabla kengele ya chakula haijalia walikuwa wamekata shauri: mvua za vuli zikianza, saga ihamie kwenye tuta la mitoo.