Muulize mkanda

Nikahi ya Rukia imepita salama, alhamdulillahi, na kazini wamenihamishia Malaba. Hayo nitayaandika siku nyingine. Leo nimeshikwa na maneno mawili ya Baba.

Daktari alimwuliza, "Mzee, umepungua mwili?"

Baba akatazama ukutani. "Muulize mkanda."

Tulicheka sote, hata nesi. Mnamjua Baba, hakosi jibu. Daktari peke yake hakucheka. Aliinama akautazama huo mkanda, nami nikatazama alipotazama. Matundu mapya, yametobolewa kwa msumari. Moja limeshachakaa kingo, lingine bado bichi.

"Muulize mkanda." Nairudia nikipika, nikiwa ndani ya taksi ya kurudi Bombo. Ule ulikuwa mzaha, au ndiyo namna yake ya kusema ukweli bila kumtazama Mama? Maana mkono ulioshika msumari ni wake. Alikuwa akijua. Halafu alipokuwa akisukuma sahani ya matoke pembeni, alituambia ameshakula kwa jirani!

Maswali yakafuata. Anashiba baada ya matonge machache? Ndiyo. Chakula kinakwama? Hapana. Choo kimewahi kuwa cheusi kama lami? Akanyamaza. Kisha: "Ni alsa tu, daktari, omeprazole ninayo." Hapo daktari akavuta kiti. Alisema dawa hiyo ya vidonda vya tumbo hutuliza maumivu hata ya kidonda cha saratani, mtu akadhani amepona; aiache wiki mbili kabla ya kumezeshwa kamera. Wakikuta kidonda watanyofoa vipande sita au zaidi, kwa sababu kimoja kinaweza kutoka pasipo na ugonjwa. Maabara ndiyo itakayosema, si macho.

Mama akauliza kama ni pilipili. Maskini, ndiye mpishi. Daktari akamtajia kijidudu cha tumboni, Helicobacter pylori, ambacho tangu 1994 kimo katika orodha ya visababishi vya saratani, ingawa wengi walio nacho hawaipati kamwe. Mama alishika hayo ya mwisho tu.

Juzi nilimkasirikia Baba kwa siri yake. Leo hasira imekwisha, namwonea huruma kwa kule kujipima peke yake chumbani.

Na nyumba ya Malaba bado sijapata. Niliyooneshwa imepakana na maegesho ya malori, injini zinanguruma usiku kucha, na dalali anataka kodi ya miezi mitatu kesho asubuhi.