Dumu juani, dodoki mkononi: michezo ya mwanangu msimu wa joto Mbeya

Huku Mbeya watoto wetu hukaa ndani sana. Juni na Julai baridi inauma, mtoto anavishwa masweta mpaka mikono haikunjiki. Kwa hiyo Septemba ikifika na jua likachangamka, mwanangu, mwenye mwaka na miezi nane, anahamia uani. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 unataka mtoto wa umri huu aushughulishe mwili angalau dakika 180 kwa siku, na simu au televisheni asitazame kabisa. Ni saa tatu nzima! Kwa mama anayeshona nguo nyumbani kama mimi, saa hizo lazima uzipange.

Mchezo wetu mkubwa ni maji. Ila maji ya bomba ya huku ni ya baridi hata Oktoba, hivyo asubuhi najaza dumu, nalifunga mfuniko, naliacha juani. Beseni silijazi mapema hata siku moja. Mtoto mdogo anaweza kuzama kwenye maji ya sentimita chache tu, hata kama mama yuko jikoni hapo hapo. Saa kumi jioni jua limepungua ukali na maji ni vuguvugu. Namimina kidogo, nakaa kwenye kigoda palipo karibu kiasi cha kumdaka kwa mkono. Hapo nashona vifungo. Cherehani inasubiri alale.

Vitu nampa vichache: kikombe cha plastiki, chujio, dodoki. Dodoki ndilo linalomteka. Analizamisha, analiinua kwa mikono miwili, analikamua kifuani, maji yanateremka tumboni mpaka vidole vya miguu. Anainama kuangalia yanakoishia, halafu anaanza upya. Nikimrundikia vitu anavitupa kimoja kimoja kisha analia. Vikiwa vichache anakaa navyo mpaka nachoka mimi. Wala simfundishi. Akimimina maji kwenye chujio yakapotea yote, namwacha ashangae mwenyewe.

Ninachokipenda kuliko vyote ni mawe ya kwetu. Volkano ya Mlima Rungwe ilituachia yale mawe mepesi yenye vitundu, tunayosugulia visigino. Yamejaa hewa, ndiyo maana yanaelea. Nimechagua makubwa kuliko ngumi yake, nikayaosha vumbi likaisha. Anatumbukiza jiwe la mtoni, linazama. Anatumbukiza la Rungwe, linaibuka. Analikandamiza chini kwa viganja vyote viwili, akiachia linaruka juu, anapiga kelele za furaha mpaka jirani anachungulia. Maharage, punje za mahindi na kokoto ndogo siweki, zinaweza kumpalia.

Mama mkwe wangu alipokuja kutoka Tukuyu alishtuka. "Mwanangu, huyu mtoto atapata kichomi!"

"Mama, maji yamekaa juani tangu asubuhi. Hebu shika uone."

Alishika, akanyamaza, akavuta kigoda. Wasiwasi wake naujua, maana hata mimi nimelelewa nao. Lakini mafua na kichomi huletwa na vimelea; kuchezea maji vuguvugu hakumpi mtoto ugonjwa. Kinachotakiwa ni kumkausha na kumvalisha mara upepo wa jioni unapoanza, na huku unaanza mapema.

Siku ya mgao wa maji natoa brashi kuukuu ya rangi na kikombe kimoja cha maji. Anapaka ukuta, jua linaukausha, anapaka tena. Maji yanayobaki kwenye beseni yanaishia kwenye tuta la mchicha, kisha beseni linafudikizwa.

Mvua zikianza, mwishoni mwa Novemba au Desemba, jioni hugeuka baridi ghafla. Hapo dodoki linahamia kwenye maji ya kuogea, na uani tunatoka asubuhi kabla wingu halijafunga, akanyage matope peku pembeni mwa tuta.