Saini ya Michenzani

Septemba 2023 nyumba ya mnada ya Sotheby's ya London ilipiga mnada vitu vya marehemu Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi ya Queen, na kwa wiki kadhaa hapa mjini kila mwenye kabati la marehemu alilipekua. Piano yake ya Yamaha ilikwenda kwa zaidi ya pauni milioni 1.7. Watu walitikisa vichwa tu, piano ni piano. Kilichowashinda ni kichana. Kichana cha fedha cha kuchania masharubu, ambacho hata wenye mnada hawakukitarajia kupita mamia ya pauni, kikauzwa pauni 152,400. Niliisoma habari ile kwa sauti Jaws Corner, watu wakinywa kahawa, na mzee mmoja akauliza, "Na masharubu yenyewe yamo?"

Mimi hukusanya majalada ya santuri yaliyotiwa saini na wanamuziki wa roki wa zamani. Kwa Unguja hiyo si kazi ya kumpatia mtu heshima. Mke wangu huwaambia wageni kwamba nimejaza nyumba makaratasi yaliyochafuliwa na Wazungu. Kitu changu cha thamani ni jalada la News of the World, santuri ya Queen ya mwaka 1977, lile lenye roboti kubwa, limetiwa saini na Brian May na Roger Taylor, mpiga gitaa na mpiga ngoma wao. Shemeji yangu anayekaa Uingereza ndiye aliyeniletea. Nimelitia kwenye plastiki na kuliweka mbali na dirisha, maana jua hula wino, hewa ya pwani hula karatasi, na kinachosalia mende hawakiachi.

Ya Freddie mwenyewe sina. Bei yake siiwezi, na soko lake limejaa uongo. Ugonjwa huu si mpya. Zama za Beatles, wasaidizi wao Neil Aspinall na Mal Evans walikuwa wakiwatilia saini, na hadi leo kuna watu wamezitundika ukutani bila kujua kuwa aliyeandika ndiye aliyekuwa akibeba magitaa. Kwa hiyo nikiletewa kitu, la kwanza huuliza kilipita mikono ya nani hadi kufika kwangu. Wino hufuata baadaye. Na nikipewa kuchagua, nachukua iliyoandikwa "kwa fulani" hata kama sokoni ina bei ndogo, kwa sababu huyo fulani mtu anaweza kumtafuta akamuuliza.

Cha ajabu ni kwamba Freddie ni wa hapa. Kazaliwa Unguja Septemba 1946, na pale Shangani, karibu na Posta ya zamani, wageni hawaishi kupiga picha mlangoni, tangu kabla ya ile makumbusho kufunguliwa mwaka 2019. Lakini aliondoka kabla hajawa mtu wa kuombwa saini. Majirani zake walikuwa na sababu gani ya kumpelekea kijana wa Kihindi wa jamii ya Kiparsi karatasi na kalamu?

Basi nikapigiwa simu na kijana mmoja, papasi wa Forodhani, wale wanaowazungusha watalii mjini, ambaye siku moja nilinunua kwake santuri za taarabu za mjomba wake.

"Ami, nina kitu. Usimwambie mtu."

"Kitu gani?"

"Saini ya Fredi. Ya utotoni, hapa hapa Unguja. Kuna Mtaliana kanipa dola elfu, nimemkatalia."

Mtaliana huyo namjua. Kila anayetaka kuniuzia kitu anaye wake.

Nilikwenda baada ya sala ya alasiri. Wanakaa Michenzani, kwenye yale majumba marefu, ghorofa ya nne, na ngazi zake ukizipanda na miaka yangu unafika juu huna hata maneno ya kubishana bei. Nilipiga hodi, tukakaribishwa. Bibi yake alikuwa amekaa mkekani anachagua mchele kwenye ungo. Nikamwamkia, akaitika marahaba, akaniuliza habari za watu wangu, akarudi kwenye mawe yake. Kijana alikuwa na haraka. Akanivuta chumba cha ndani, akafunga pazia, akatoa chini ya godoro bahasha kubwa ya eksirei.

Ndani mlikuwa na picha ya rangi nyeusi na nyeupe, ukubwa wa postikadi, kingo zake zimekatwa vimawimbi kama zile za zamani zote. Vijana watano wamesimama kwenye ukuta wa Forodhani, bahari nyuma yao, kaptula zimepigwa pasi. Wa katikati anacheka, meno ya juu yametangulia mbele. Kifuani pake, kwa kalamu nyeusi ya maka, kwa mkato wa kupanda juu: Freddie Mercury, Zanzibar 1961.

"Mwone meno, Ami," kijana akaninong'oneza. "Nani mwengine?"

Picha ilikuwa nzuri, hilo niseme. Nikaenda nayo dirishani nikatoa lenzi yangu, niliyoinunua kwa sonara. Pembeni kulikuwa na ufa, pale picha ilipowahi kukunjwa zamani, ukapita katikati ya jina. Picha za aina ile zina ngozi nyembamba juu ya karatasi, ikikunjwa hupasuka. Mtu akitia saini kwanza, kisha picha ikakunjika, wino nao hukatika pamoja na ile ngozi, na ndani ya ufa unaona karatasi tupu, nyeupe. Hapa wino ulikuwa umeingia ndani ya ufa, ukatambaa kidogo kushoto na kulia. Picha ilipasuka kwanza, saini ikaja baadaye. Na ukiiweka karibu na pua, maka ilikuwa bado inanukia.

Lakini kwa kweli lenzi ilikuwa mbwembwe tu. Jina lilitosha. Mwaka 1961 hapakuwa na Freddie Mercury duniani. Kulikuwa na Farrokh Bulsara, ambaye wenzake wa shule walimwita Freddie, na shule hiyo ilikuwa St Peter's, Panchgani, Bara Hindi, alikopelekwa bweni akiwa mtoto wa miaka minane. Alirudi Unguja 1963. Mwaka uliofuata, baada ya Mapinduzi, familia ikahamia Uingereza. Hilo la Mercury alijipa mwenyewe karibu na mwaka 1970, Queen ilipoanza. Nikamweleza kijana yote hayo kwa utaratibu, naye akasikiliza kwa makini kuliko nilivyotegemea.

"Kumbe," akasema.

"Mnafanya nini humo gizani?" Pazia likafunuliwa. Bibi alikuwa amesimama na ungo wake mkononi. Akaiona picha, akauweka ungo kitandani, akanyoosha mkono. Nikampa. Akaisogeza machoni, akaisogeza mbali, akaisogeza tena.

"Nani kamwandika kaka yangu kifuani?"

Hakuna aliyejibu.

"Nauliza."

"Bibi, huyo ni Fredi Mekyuri, yule mwimbaji..."

"Fredi gani? Huyu ni kaka yangu, babu yako huyu, karani wa bandarini! Meno haya ni ya kwetu. Baba yetu alikuwa nayo, na wewe hapo unayo."

Kijana akafunga mdomo. Na kweli, alikuwa nayo.

Bibi akakaa kitandani akanigeukia mimi. Hasira ilikuwa imempungua, sasa alitaka kujua. "Na huyo Fredi ni mtoto wa nani?"

Nikamwambia baba yake alikuwa keshia wa Mahakama Kuu wakati wa Waingereza.

"Mparsi?"

"Mparsi, bibi."

"Aaa." Swali lake likawa limeisha. Mtu kajulikana baba yake na kazi ya baba yake, mengine ya Wembley na piano hayakuwa na haja.

Kisha akashika ncha ya kanga, akaitemea mate, akataka kufuta. Nikaruka. Nikamshika mkono, jambo nisilolifanya kwa wakubwa, nikamwambia bibi wee, usifanye hivyo, ile ngozi ya picha ikipata maji inavimba, ukiisugua inatoka pamoja na uso wa mtu. Na maka yenyewe hata haitoki. Cha kufanya ni kuipeleka studio ikapigwe upya, maandishi yafutwe kwenye kompyuta, itolewe nakala safi, na hii ya asili ihifadhiwe ndani ya bahasha vilevile ilivyo.

"Shilingi ngapi?"

"Huyu atalipa," nikasema.

"Atalipa," bibi akasema, wala hakumtazama.

Nikalazimishwa chai na mkate wa ufuta. Nilipokuwa nakunywa alinitajia wale vijana wengine wanne mmoja mmoja: huyu alikwenda Uarabuni, huyu kafa zamani, huyu bado yuko Kikwajuni na miguu inamsumbua. Wa mwisho alimsahau, na alikereka kumsahau kuliko alivyokereka na ile maka.

Nilipoaga, kijana alinifuata kwenye ngazi. Nilidhani anataka kuomba radhi. Alinyamaza ghorofa nzima, tulipofika ya pili akatoa simu mfukoni.

"Ami, lile jina lake la mwanzo ulisema nani vile? Bulsara? Linaandikwa kwa S au kwa Z?"